Silaha Mkobani mwa Mardhiya

Mardhiya si mwoga. Nalisema mapema, maana mtakaposikia alichobeba mkobani mtataka kumcheka. Msimcheke.

Anaishi Stratford, mashariki ya London, na mumewe Shaame. Wote wawili ni Wapemba. Mardhiya anafanya kazi ya kutunza wazee majumbani mwao. Kila alfajiri huenda kumwogesha mzee wa kwanza. Ratiba yake ni ya mbio, kwa hiyo hukata njia kwenye kichochoro kando ya mfereji. Taa za kichochoro hicho zimekufa siku nyingi. Mara mbili mwanamume alimfuata humo. Mara ya pili alimshika mtandio. Mardhiya alimtandika mwavuli, akakimbia.

Alimweleza meneja wake, Tatiana. Tatiana alijibu, "Sote tunatembea gizani wakati wa baridi."

Maneno yale yalimchoma. Basi wifi yake Ibtisam alipokuja kutoka Ujerumani, alimletea zawadi. Kilikuwa kikopo kidogo cha dawa ya pilipili. Kule Ujerumani alikinunua dukani, mchana kweupe, kama mtu anunuavyo sabuni.

"Mpulizie machoni," Ibtisam alisema. "Hatakufuata tena."

Mardhiya akakitia mkobani.

Jumamosi moja jirani yao Nishma alikuja kunywa chai. Nishma ni wakili. Alizaliwa Kisumu, na Kiswahili hajakisahau. Mardhiya akatoa kikopo, akakitikisa kwa majivuno.

"Sasa na anifuate!"

Nishma akaweka kikombe chini. "Dada, weka hiyo kitu mezani. Pole pole. Hapa sheria inaihesabu pamoja na bunduki."

"Kikopo hiki?"

"Hicho hicho. Kifaa cha kumpulizia mtu dawa ya kumdhuru ni silaha iliyopigwa marufuku. Ukishikwa nayo unaweza kufungwa. Hata usipofungwa, ukiwa na rekodi ya polisi, nani atakupa wazee uwatunze?"

Kazi hiyo ndiyo inayolisha nyumba.

"Basi nitaomba leseni," Mardhiya alisema.

"Hupati. Leseni ya bunduki wanapewa watu wenye sababu. Mkulima anayefukuza mbweha, ama mtu wa kulenga shabaha klabuni. Polisi wanamchunguza, wanamuuliza daktari wake, wanaangalia kabati la chuma la kuifungia. Ukisema unataka kujilinda, wanakataa. Na hii dawa, raia wa kawaida kama mimi na wewe hapewi leseni yake kabisa."

"Afanaleki! Mtu ananivua mtandio, halafu mwenye kosa ni mie?"

"Yeye pia ana kosa. Kubwa. Ulimripoti polisi?"

"Nilimwambia meneja!"

"Meneja si polisi, dada."

Shaame akanyoosha mkono. "Lete nikakitupe pipani, yaishe."

"Usithubutu," Nishma alisema. "Mtoto akikiokota je? Na msitembee nacho barabarani. Tupige 101, ile namba ya polisi ya mambo yasiyo ya dharura. Wao watatuambia la kufanya. Watauliza maswali, na mimi nitakuwa hapa."

Mardhiya akakunja mikono. "Sikitoi. Kwanza nambieni, Jumatatu nitapitaje?"

Alikuwa na haki kuuliza. Ni rahisi kumnyang'anya mtu ngao yake ukiwa umekaa kwenye joto na kikombe cha chai.

"Hilo ni swali la mwajiri wako," Nishma alijibu. "Sheria inamtaka alinde usalama wa mtu anayefanya kazi peke yake. Usimwombe. Dai."

Walipiga simu. Askari alikuja kuchukua kikopo. Alimhoji Mardhiya kwa muda mrefu, akampa onyo kali la mdomo. Askari mwingine huenda asingeishia hapo. Kisha Mardhiya akamweleza habari za yule mwanamume, mavazi yake na sura yake, na askari akaandika yote.

Jumatatu Mardhiya alisimama mbele ya meza ya Tatiana. Hakukaa.

"Kichochoroni sipiti tena. Napita barabara kuu yenye taa. Ratiba ibadilishwe nipate muda wa kuzunguka. Nataka king'ora cha mkononi, hicho sheria inakiruhusu. Na alfajiri awepo mtu wa kupokea simu yangu."

"Wenzako hawajalalamika," Tatiana alisema.

Mardhiya akafungua mlango. Nje walisimama wenzake na sare zao za kazi, Shiku wa Nakuru akiwa mbele, mikono kiunoni.

"Waulize," Mardhiya alisema.

Wiki ile ratiba zilibadilika. Ving'ora vikanunuliwa. Yule mwanamume bado anatafutwa, lakini hakuna mfanyakazi anayepita tena kwenye kichochoro kile gizani.

Siku hizi Tatiana huwaambia wafanyakazi wapya kwamba ofisini kwake usalama wao huja kwanza. Mardhiya, akiwepo, huangua kicheko. Hakuna anayethubutu kumuuliza anacheka nini.