Feni Ilikuwa Bado Inaunguruma

"Mzinga kwa Nyuki. Maua yamechanua. Narudia, maua yamechanua."

"Nimepata."

Nyuki alirudisha redio ya Motorola kiunoni na kufunga mlango wa gari la dobi kwa ndani.

Maua yalikuwa mitungi ya gesi ya sumu. Watu wa magendo walikuwa wameivusha mpakani na kuificha chini ya ghala lililopakana na stesheni kuu ya treni. Mteja wao, mgeni mwenye pasipoti nyingi, alitaka ifunguliwe mchana huu, stesheni ikiwa imejaa, kupitia mabomba ya hewa.

Mtungi mmoja ulikuwa umeanza kuvuja. Asubuhi mlinzi wao alitolewa amefunikwa turubai.

Bila kipumulio, hakuna wa kuingia mle na kutoka.

"Chukua, shemeji," alisema Fundi, aliyekaa kwenye usukani.

Fundi alitunza vifaa vya kitengo chao cha ujasusi. Alikuwa rafiki mkubwa wa marehemu mume wa Nyuki. Alibeba jeneza upande wa mbele. Baada ya msiba, ndiye aliyemfundisha mtoto wao kuendesha baiskeli.

Akamwekea kipumulio magotini: feni ya betri ya kufunga kiunoni, machujio mawili, hosi, na kofia yenye kioo usoni.

"Nimekikagua. Pumua."

Kitengoni, hilo ndilo lilikuwa neno. Hukagui kipumulio chako mwenyewe. Mwenzako anakukagulia, kwa sababu mwenye haraka huona anachotaka kuona. Akimaliza anakwambia pumua, nawe unavaa. Kuuliza ni tusi.

Nyuki alikigeuza juu chini.

"Unafanya nini?"

"Nakagua."

"Shemeji! Nimesema pumua. Huniamini?"

"Simwamini hata aliyenioa."

Fundi alicheka. "Marehemu angesikia hayo angerudi kudai talaka."

"Arudi. Nina maneno naye."

Hakuwa anatania. Mumewe alikuwa jasusi kama yeye. Alikufa mwaka jana kwenye handaki lenye gesi kama hii. Uchunguzi ukasema alivua kofia kabla ya kutoka. Uzembe. Neno moja tu. Nyuki aliliamini, maana mumewe alikuwa mtu wa kuvua. Helmeti aliivua kabla pikipiki haijasimama sawasawa. Mwaka mzima hakumlilia vizuri. Alimnunia. Mtoto alipouliza baba alikufaje, alimjibu, "Hakuwa mwangalifu," akaendelea kumenya viazi.

Hasira hiyo ndiyo iliyomfundisha kukagua.

Betri: taa zote za kijani. Hosi: aliivuta ikanyooka, akaitazama kwenye mwanga wa dirisha. Haina ufa. Kioo: safi. Akawasha feni, ikaunguruma. Akachomeka kibomba cha kupimia hewa. Kijipira ndani yake kikapanda juu ya mstari. Akaziba mdomo wa hosi kwa kiganja. King'ora kikalia, kama kinavyotakiwa hewa ikipungua.

"Umeridhika?" Fundi alifuta jasho. "Watu watakufa pale, shemeji. Vaa."

Kila kitu kilikuwa sawa. Hapo ndipo wengi huishia.

Nyuki alizima feni, akafungua machujio. Akapitisha kidole kwenye tundu la kulia. Mpira wa kuzibia ulikuwepo, laini, umekaa mahali pake.

La kushoto.

Plastiki tupu.

Akapitisha kidole tena, taratibu.

Plastiki tupu.

Bila mpira ule, hewa hupenya pembeni mwa chujio. Feni huivuta sumu kwa nguvu zake zote na kumpulizia mtu usoni. Kijipira hupanda vilevile. King'ora hunyamaza, kwa sababu chenyewe hupima wingi wa hewa. Hakijui kilichomo.

Nyuki alikumbuka siku walipomtoa mumewe handakini. Kofia ilikuwa pembeni. Betri imejaa, king'ora kimya, na kiunoni mwake feni ilikuwa bado inaunguruma. Watu wote waliitazama kofia. Hakuna aliyeitazama feni.

Hakuvua kwa uzembe. Alivua kwa sababu kifo kilikuwa ndani ya kofia.

"Siku ile," alisema polepole, "nani alimwambia mume wangu pumua?"

Mkono wa Fundi uliruka kuelekea koti lake.

Bastola ya Nyuki, Glock 19, ilikuwa tayari kifuani mwa Fundi. Kwa mkono wa kushoto, Nyuki alibonyeza kitufe cha redio na hakukiachia.

"Vaa wewe."

"Shemeji..."

"Si umekikagua? Vaa."

Fundi alikitazama kipumulio kama mtu anavyotazama nyoka. Hakukigusa.

"Watu wa magendo walinishika pabaya," alisema. "Mumeo alikuwa ameshanusa. Angenitaja. Nikautoa mpira, basi. Lakini nilimpenda yule, haki ya Mungu. Nilimlilia kuliko wewe!"

Nyuki hakuishusha bastola.

"Hilo ni kweli."

Na ndilo lililomuuma kuliko yote.

Alimfunga pingu kwenye chuma cha kiti. Chini ya usukani alikikuta kipumulio cha Fundi mwenyewe. Mipira yote miwili ilikuwa mahali pake, imepanguswa vizuri. Hata hivyo alikikagua tangu mwanzo, betri, hosi, kioo, kijipira, king'ora, kidole kulia, kidole kushoto.

Hakukuwa na wa kumwambia. Akajiambia mwenyewe.

"Pumua."

Ngazi za kushuka chini ya ghala. Giza. Ukungu wa njano uliomfika magotini.

Mgeni alikuwa mwisho wa chumba, naye amevaa kofia yake, mkono kwenye valvu. Bunduki ilikuwa imeegemezwa ukutani. Hakuifuata. Alimtazama Nyuki, akatazama saa yake.

Alikuwa akimsubiri aanguke.

Nyuki alipiga hatua. Mgeni akatabasamu nyuma ya kioo. Hatua nyingine. Tabasamu likapungua. Nyuki akaendelea kutembea, bila haraka, akipumua.

Mgeni aliirukia bunduki.

Risasi moja ya Nyuki, begani. Akaanguka chini akipiga kelele.

Nyuki alikaza valvu hadi ikagoma, akachomoa nyaya za saa iliyotegwa kuifungua, akamburuta mgeni kwa ukosi hadi nje.

"Nyuki kwa Mzinga. Maua yamenyauka."

"Kazi nzuri." Redio ilikoroma. "Kuhusu Fundi. Tumesikia. Tutalimaliza ndani kwa ndani. Kitengo kisichafuke. Ripoti ya marehemu ibaki ilivyo."

"Ibaki?"

"Ni amri."

Sauti nyingine ikaingia, ya kijana mmoja wa kitengo.

"Hapa Siafu. Nami nimesikia."

"Hapa Nyigu. Nimesikia."

"Hapa Mchwa. Nimesikia kila neno."

"Ondokeni kwenye masafa haya!" alifoka Mzinga.

Nyuki alizima redio.

Askari polisi walipofika, aliwaonyesha mgeni, akawaonyesha na gari. Fundi alikuwa amebandika uso kwenye kioo cha dirisha.

"Shemeji! Mtoto utamwambia nini kuhusu mimi?"

"Kwanza nitamwambia kuhusu baba yake."

Akaweka kofia kwapani, akavuka barabara. Mlangoni mwa stesheni abiria walikuwa wakisukumana na mabegi, wakigombea nafasi, wakilalamikia joto. Hakuna aliyegeuka kumtazama.

Kiunoni mwake feni ilikuwa bado inaunguruma.

Aliiacha iungurume hadi betri ikaisha.