Mistari Miwili Tuliyoikata

Mume wangu ni fundi saa. Mimi ni mpishi wa shule. Jioni tukirudi nyumbani, mimi nanyoosha miguu na yeye anafungua kompyuta mbovu. Amejaza chumba kizima, na moja iko chini ya kitanda, upande wangu. Nikilalamika ananiambia ile ni nzima, inasubiri kipuri tu. Huu mwaka wa nne inasubiri.

Ugonjwa huo aliambukizwa na shangazi yake, anayekaa mtaa wa pili. Shangazi alikuwa opereta wa simu miaka thelathini, zamani zile ambapo mtu akitaka kuzungumza na mwenzake lazima opereta awaunganishe kwa waya. Siku hizi miguu haimbebi tena. Hatoki nje. Anayo kompyuta mezani, na kwenye kompyuta hiyo kuna jukwaa la wapenda kompyuta za zamani. Ni watu kama arobaini, mume wangu akiwa mmoja wao, wanafundishana kutengeneza hiki na kile. Humo wanamwita Shangazi Waya. Asubuhi wanamuuliza ameamkaje. Asipoandika siku moja, wanamtafuta. Sisi tulio karibu tulikuwa tunakwenda kumwona Jumapili tu, tena si kila Jumapili.

Siku moja Shangazi aliandika humo jinsi alivyoifufua diski iliyokwama. Diski ni kile kisanduku ndani ya kompyuta kinachotunza picha na maandishi. Alieleza jinsi alivyoifungua kwa bisibisi na kuizungusha kwa mkono, hatua kwa hatua. Mwisho akaweka mistari miwili ya onyo. Alisema ile ilikuwa diski ya kuchezea, haina kitu ndani. Diski yenye vitu vya mtu isiguswe hivyo hata kidogo, ipelekwe kwa mtaalamu.

Mume wangu alifurahi mno. Alikuwa pia kwenye kundi jingine, kubwa, la watu maelfu wasiojuana. Akataka na wao wafaidike. Akanakili ujumbe wote wa Shangazi, akanionyesha kabla ya kuutuma. Nilikuwa nimechoka, nimetoka kupikia watoto mia tatu. Nikamwambia, "Nani atasoma gazeti lote hilo? Kata huko chini."

Akakata huko chini. Jina la Shangazi Waya akaliacha juu, maana alijivunia. Hakumwomba ruhusa, na mimi sikumkumbusha. Pongezi zikamiminika. Mume wangu akatembea kifua mbele siku tatu.

Siku ya nne, dereva mmoja wa gari la wagonjwa aliandika kwenye kundi lile kubwa. Alisema picha za marehemu mke wake zilikuwa kwenye diski moja, na diski ilikuwa imekwama. Alifuata maelekezo ya Shangazi Waya neno kwa neno. Diski ikakwaruzika. Picha zote zimekwenda, hata moja haikubaki.

Watu wakamrukia Shangazi. Wakamwita tapeli. Wengine wakamwita bibi kizee asiye na kazi. Kuna waliolitafuta jukwaa lake, wakajiandikisha, wakaingia mpaka humo na matusi yao. Hata baadhi ya wale arobaini wakaanza kumuuliza kwa nini aliandika jambo la hatari namna ile. Shangazi hakujitetea. Aliaga kwa sentensi moja, akaifunika kompyuta kwa shuka.

Jumapili tulipokwenda, tulimkuta amegeuza kiti, ameipa meza mgongo. Chai aliyopelekewa asubuhi ilikuwa imepoa mbele yake. Mume wangu aliongea habari za mvua, kisha za bei ya betri za saa, kisha tukaaga. Njia nzima ya kurudi hatukusemezana. Tulijua sote wawili, na kila mmoja alikuwa anamsubiri mwenzake aanze. Woga ni kitu kibaya jamani.

Aliyetutoa woga huo ni mkutubi, jirani yetu wa ukuta mmoja. Ndiye msimamizi wa lile jukwaa. Alikuja Jumatatu jioni, akakataa kukaa. Akasema ujumbe ule ulitolewa nje na mtu wa ndani, na ameona aanze kumuuliza mume wangu kabla ya wengine.

Mume wangu akainamisha kichwa. Kisha akajitetea kidogo. "Lakini mimi sikuiba, jirani. Jina lake niliweka."

"Uliweka," mkutubi akajibu. "Kwa hiyo matusi yakajua pa kwenda."

Hapo akakaa. Alituambia kwamba ukurasa wa kwanza wa jukwaa lao una sharti: kinachoandikwa humo hakitoki bila ruhusa ya aliyeandika. Mume wangu alikubali sharti hilo siku aliyojiunga. Alibonyeza tu, hakulisoma. Nikauliza kama basi mtu haruhusiwi kusema chochote alichokisoma. Mkutubi akasema la, si hivyo. Maneno yaliyoandikwa hadharani unaweza kudondoa mistari michache, ukasema ni ya nani na yanapatikana wapi, kisha ukatoa maoni yako. Hilo ni haki, na watu wengi hulifurahia. Lakini kuubeba ujumbe mzima wa mtu ni kazi yake umeibeba, kwa hiyo unamwomba kwanza. Na yaliyosemwa kwenye chumba kilichofungwa, kama jukwaa letu, hata mstari mmoja unauombea ruhusa.

"Na kama ni mrefu?" nikauliza. Sauti yangu niliisikia mwenyewe ikiwa ndogo.

"Ukitaka kufupisha, eleza kwa maneno yako na uweke jina lako. Ukikosea, kosa ni lako. Kukata maneno ya mtu halafu ukaacha jina lake juu, hapo unamsemesha asichosema."

Usiku ule haukuwa mzuri kwetu. Kesho yake tulikwenda kwa Shangazi. Mume wangu alieleza yote akiwa amesimama. Aliposita, nikasema mimi ndiye niliyemwambia akate. Nililia, sioni haya kusema.

Shangazi alitusikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema, "Nimekaa kwenye waya miaka thelathini. Nimesikia watu wakichumbiana, wakiachana, wakifiwa. Sikutoa neno hata moja nje ya chumba kile. Wewe umeshindwa kukaa na langu moja."

Mume wangu akaomba ruhusa ya kuuweka ujumbe mzima kule alikouharibu, pamoja na mistari iliyokatwa, aseme ukweli. Shangazi akamwambia aandike kwanza, amsomee. Alimrudisha mara mbili. Mara ya kwanza alisema maneno ni mengi na yanajihurumia.

Ukweli ukawekwa kwenye kundi kubwa kwa majina yetu wawili. Wachache waliomba radhi. Wengi walikuwa wameshahamia kwenye ugomvi mwingine. Dereva alijibu kwa neno moja tu: "Nimesoma." Mume wangu akamwomba ile diski, akaipeleka kwa fundi mtaalamu, akaambiwa hakuna cha kuokoa. Picha hazikurudi, na hazitarudi. Sisi ndio tuliozipoteza, na nikikutana na gari la wagonjwa barabarani hadi leo natazama chini.

Shangazi naye hakurudi kwenye jukwaa. Wiki tano shuka ilikaa juu ya kompyuta. Mkutubi alimletea salamu za wale arobaini zikiwa zimeandikwa kwenye karatasi, kila aliyeandika akiwa ameruhusu. Alizisoma, akaziweka.

Kisha siku moja alimwita mume wangu amtafutie namba ya dereva. Wakazungumza kwa simu, wao wawili, muda mrefu. Walichozungumza hakutuambia, na hatukumuuliza.

Kesho yake akaondoa shuka. Ujumbe wake wa kwanza haukuwa wake. Aliandika hivi: "Maneno haya ni ya dereva wa gari la wagonjwa. Nimemwomba, amekubali yawekwe hapa na popote mtakapotaka, mradi yasipunguzwe. Anasema: Diski yenye picha za mke wangu niliiharibu kwa mikono yangu. Yako usiifungue. Hata kama umesoma mahali kwamba inawezekana, usiifungue."

Maneno hayo yakasambaa, kila mahali yakiwa mazima, na jina la kazi ya dereva juu. Siku ya tatu Shangazi akajibiwa na mtu tusiyemjua, kutoka mahali tusipopajua. Alimwomba ruhusa ya kutusomea, kisha akatusomea polepole, miwani ikiwa puani: "Sauti ya mama yangu iko kwenye diski yangu. Nilikuwa nimeshaingiza bisibisi. Nimeiweka chini."