Nguzo ya Zege Chini ya Gramafoni

Jumapili ile nilipeleka nyama ya kondoo ya kuoka kwa mama, hapa Toowoomba, Australia, kama kawaida. Nikamkuta kaka yangu Darryl, anayeishi naye, amepiga magoti sebuleni, pima maji mkononi, anasawazisha gramafoni yake mpya. Ilikuwa nzito kama ndama. Uzito wa sindano yake aliupima kwa mizani ndogo kuliko kiganja: gramu moja nukta nane, usizidi wala kupungua.

Nyumba ya mama ni ya mbao, imekaa juu ya nguzo. Ukikanyaga jikoni, sebule inatikisika. Na mama, Valmai, alikuwa ametoka kupasuliwa nyonga. Aliambiwa atembee kila siku, la sivyo hatasimama tena.

"Mama, kaa! Unanirukishia sindano."

"Daktari kasema nitembee, Darryl."

"Utatembea upande huu wa santuri ukiisha."

"Ukiisha huu si unageuza wa pili?"

Nilicheka. Darryl hakucheka. Alimnyang'anya mkongojo, akauweka juu ya kabati.

"Huyo ni mama, si paka," nikamwambia.

"Dada, wewe unasikiliza muziki kwenye simu. Utaelewa nini?"

Nilikuwa na watoto watatu garini na sare za shule hazijafuliwa. Nikaondoka. Hilo kosa ni langu.

Baada ya miezi minne mama hakuweza kusimama. Mwezi uliofuata akafa kitini, mchana, santuri ikizunguka. Alimwita Darryl mara mbili. Darryl mwenyewe aliniambia, bila haya: zilikuwa zimebaki dakika sita upande uishe.

Tulimzika Jumatano. Jumapili Darryl akaweka santuri. Sindano ikaruka. Ikatulia. Ikaruka tena. Alikuwa peke yake nyumbani.

"Zinatoka chumbani kwa mama," akaninong'oneza kwenye simu. "Hatua."

"Njoo ukae kwangu."

"Niiache gramafoni? Shida ni sakafu tu. Nitaikata."

Wenye ugonjwa huo wa gramafoni wana dawa yao. Wanatoboa sakafu, wanachimba, wanamwaga nguzo ya zege kutoka ardhini, isiguse ubao hata mmoja. Gramafoni ikikaa juu yake, hata ng'ombe akipita sebuleni sindano haisikii. Darryl akafanya hivyo. Akasubiri zege likauke, akapandisha gramafoni, akapima, akaketi.

Kitu kimoja hakukifikiria. Sasa sindano ilikuwa haigusani tena na nyumba. Iligusana na udongo. Na makaburi hayako mbali.

Siku hiyo nilifika saa tisa alasiri. Santuri ilikuwa inazunguka. Darryl kitini, macho yamemtoka.

"Ziko chini," akanong'ona. "Zinakuja."

Sindano ikaruka.

"Inuka, twende."

"Siwezi."

Ikaruka.

"Darryl, simama!"

"Miguu, dada. Siisikii."

Ikaruka. Haikurudi chini. Ilibaki hewani.

Madaktari walimpiga picha mgongo mzima, hawakuona kitu. Sasa anaishi kwangu, namlisha mimi. Akiniita, siku nyingine namalizia kwanza kufua.

Nyumba tunaiuza. Mafundi walipoondoa gramafoni, juu ya zege kulikuwa na nyayo mbili. Hazikuwa zimebonyea. Zilikuwa zimevimba, kama mtu anayesukuma kwa miguu kutoka ndani. Ijumaa fundi alizisaga mpaka zege likawa laini kama sahani.

Jumatatu zilikuwa zimerudi. Vidole vimeelekea barabara ya kuja kwangu.