Kura ya Meneja Lyle

Kila siku baada ya shule Signe Haugen alifanya mambo yaleyale. Aliacha mkoba jikoni, akachukua mkate uliopakwa siagi ya karanga, akapanda baiskeli hadi uwanja wa besiboli nyuma ya kanisa. Alikuwa na miaka kumi na miwili, na katika mji mdogo wa Varnholt, Minnesota, hakukuwa na mtoto aliyerusha mpira kwa kasi kumshinda.

Mwezi ule wa Mei, kila walipofanya mazoezi, gari la kijivu lilisimama nje ya uzio, injini ikinguruma. Ndani aliketi Lyle Brandvold, aliyekuwa meneja wa timu. Alitazama tu, hakushuka. Ligi ilikuwa imemsimamisha mwaka mzima kwa udanganyifu. Mtoto wa umri wa Signe akisharusha mipira themanini na mitano katika mechi moja, lazima atolewe mkono upumzike. Meneja Lyle alimwacha kijana mmoja arushe zaidi ya mia, kisha akamwambia Mzee Odegaard, aliyeandika hesabu za mechi, aandike sabini.

Sasa mwaka ulikuwa umekwisha. Alhamisi watu wa timu wangepiga kura kama arudishwe au la.

"Atarudi tu," alisema Dagny, mdakaji wa timu na rafiki wa Signe. "Tumefungwa mechi sita. Hata mchungaji keshachoka kutuombea."

"Nyamaza, we. Anatutazama."

"Atutazame. Kwani jioni hatuendi kwake?"

Signe aligeuka kuona kama kuna aliyesikia. Hilo lilikuwa jambo la siri. Tangu theluji ilipoyeyuka, mara nne kwa wiki, wasichana hao walikutana na Meneja Lyle nyuma ya maghala ya nafaka. Signe alirusha, Dagny alidaka, na meneja alihesabu kwa sauti ya chini huku upepo ukigonga mabati. Hakuishia themanini na mitano. "Mia na tano. Mia na sita. Vizuri, binti. Mia na saba."

"Hili ni letu sisi watatu," aliwaambia. "Likijulikana sasa, watanifungia kabisa, na ninyi mtabaki na Mama Tollefson na biskuti zake."

Wasichana walicheka. Mama Tollefson, aliyeshika nafasi yake, kweli alileta biskuti hata timu ilipofungwa kumi na mbili bila.

Wiki ya kura, kiwiko cha Signe kilianza kuuma. Jumatatu kiliuma alipokuwa akirusha. Jumanne kiliuma aliposhika kijiko. Alipomwambia meneja, yeye alitikisa kichwa taratibu. "Huo ni mkono unajijenga. Vumilia mpaka Alhamisi ipite."

Jumatano, wakiosha vyombo, Bibi Gudrun alimwona mjukuu wake akishika sahani kwa mkono wa kushoto.

"Kitendawili," alisema Bibi.

"Tega."

"Mgeni wangu mdogo, hakuna amwonaye, lakini mimi nachechemea."

Signe alifikiri. "Kijiwe ndani ya kiatu."

"Umepata. Na dawa yake?"

"Kuvua kiatu."

"Haya basi," Bibi alisema, akangoja. Signe aliendelea kufuta sahani ileile iliyokwisha kukauka.

Alhamisi anga lilibadilika rangi, likawa la kijani kama maji ya bwawa, dalili ya dhoruba kali. Watu walishuka upesi katika ukumbi ulio chini ya kanisa, wakamimina kahawa, wakakaa wakitazama vidirisha vya juu.

"Kakaa nje ya uzio mwaka mzima," alisema baba yake Dagny. "Mnataka afanye nini zaidi, alie? Adhabu imekwisha."

Mzee Odegaard alisimama kwa shida. "Mimi niliandika sabini kwa sababu aliniambia sabini. Nilimwamini. Natamani nimwamini tena, ila naogopa."

Meneja Lyle alivua kofia. "Nimejifunza," alisema. "Sitavuka tena kikomo cha mtoto yeyote." Alipomaliza aliwatazama Signe na Dagny, na Dagny akainamisha uso.

Katika timu ya Varnholt kuna desturi ya tangu enzi za babu zao: wachezaji nao hupiga kura, na kila mmoja huinua mkono anaorushia, ameunyoosha sawasawa. Mama Tollefson aliuliza ni nani wanaotaka Meneja Lyle arudi. Mikono ikapanda, mingi sana. Signe naye alitaka arudi. Aliinua wake.

Mkono ulifika usawa wa sikio ukakwama. Kiwiko kilibaki kimepinda.

"Unyooshe, mwanangu," mama yake alinong'ona.

"Siwezi."

"Huenda kaulalia vibaya," alisema Meneja Lyle haraka.

Bibi Gudrun hakumgeukia. "Tangu lini, Signe?"

Ukumbi mzima ulimtazama. Signe alijua kwamba akisema, meneja harudi tena, na huenda msimu wake yeye ukaishia hapo.

"Tangu Jumatatu," alisema. "Jana nilirusha mia na thelathini na moja. Nyuma ya maghala. Meneja alikuwa anahesabu."

"Ni kweli," Dagny alisema huku akilia. "Nilidaka yote."

Mikono ilianza kushuka, mmoja mmoja, bila mtu kuambiwa. Meneja Lyle alivaa kofia, akapanda ngazi, na mlango ulipofunguka ngurumo iliingia mpaka chini.

Kesho yake daktari aliwaonyesha picha ya mfupa. Mahali ambapo mfupa wa mtoto huendelea kukua palikuwa pameanza kuachana. Hakuna kurusha hadi majira ya baridi. Wangechelewa wiki mbili zaidi, alisema, angelazimika kuufunga kwa skrubu.

Bibi ndiye aliyeendesha gari kurudi nyumbani, na walipofika njia kuu Signe alimgeukia.

"Nimemharibia, Bibi. Na alikuwa ameshamaliza adhabu yake."

"Amemaliza siku, mjukuu wangu. Kumaliza siku na kubadilika ni mambo mawili. Aliyebadilika hamwombi mtoto amfichie jambo. Nawe shika hili: mwili ukikuuma, sema siku hiyohiyo, hata kama anayekwambia uvumilie ni mtu unayempenda."

"Je, akiomba tena mwakani?"

Bibi alipunguza mwendo.

"Tutamsikiliza," alisema. "Ila safari hii atahesabu kwa sauti, sisi sote tukisikia."