Jicho la Fundi Cherehani

Fundi cherehani alikuwa na miaka hamsini na mbili. Kila asubuhi alifungua duka lake mbele ya nyumba, akaketi kwenye cherehani, akainamisha kichwa. Jicho lake halikubanduka kwenye sindano mpaka jioni. Suruali zake zilisifika mtaa mzima.

Mkewe alifua mashuka hospitalini. Alikwenda kwa miguu, mwendo wa saa nzima, na goti lake la kushoto lilianza kumsumbua. Jioni alirudi akichechemea. Fundi alimwonea huruma, akanunua pikipiki.

"Ataiendesha nani?" mkewe aliuliza.

"Mimi, nani mwingine? Umesahau nilivyokuwa nakupakia tulipokuwa wachumba?"

"Sijasahau. Wakati huo ulikuwa na kiuno."

Fundi alicheka. Alitoa kabatini kofia yake ngumu ya zamani, akamwaga vifungo vilivyokaa ndani yake miaka ishirini, akaivaa. Mkewe hakuwa na kofia. "Kwa pikipiki ni pua na mdomo tu," Fundi alimwambia.

Wakapanda, lakini hawakufika hospitalini. Kwenye kona ya pili palikuwa na shimo. Fundi aliliona mapema. Akalikodolea macho, akaliingia moja kwa moja. Pikipiki ililala, nao wakalala nayo.

Mkewe alichubuka kiwiko. Aliinuka, akakung'uta sketi, akaokota mkoba.

"Baba watoto, nashukuru tu wazima. Lakini nyuma yako sikai tena. Iuze hiyo pikipiki."

Akaenda zake kwa miguu, akichechemea. Fundi alibaki barabarani, akiinua pikipiki kwa aibu.

Jioni jirani yao alikuja dukani kuchukua gauni. Mwanamke huyo alikuwa mwalimu wa udereva, tena rafiki mkubwa wa mke wa Fundi.

"Shemeji, nasikia umempeleka dada yangu kuoga vumbi."

"Ni lile shimo, mwalimu. Mimi nimeendesha pikipiki kabla wewe hujajua kutembea."

"Haya. Jumapili nionyeshe."

Jumapili walikwenda kwenye uwanja mtupu wa shule. Mwalimu aliweka kopo katikati. "Lipite hili kwa pembeni," alisema.

Fundi akaja, akaligonga. Akarudia, akaligonga tena. Mara ya tatu kopo likaruka hadi golini. Mwalimu alicheka akishika mbavu.

"Ulikuwa unatazama wapi, shemeji?"

"Kopo! Nitalikwepaje bila kulitazama?"

"Basi hilo ndilo kosa lako. Miaka yote umetazama sindano. Pikipiki inafuata macho. Ukilikazia shimo macho, utaingia shimoni. Lione, kisha peleka macho mbele, pale unapotaka kupita."

Fundi aliinua kichwa. Shingo iligoma kidogo, maana ilizoea kuinama. Akatazama nafasi iliyokuwa kando ya kopo, akapita hapo. Kopo likabaki limesimama.

"Na breki unashika ipi?"

"Ya mguu tu. Kama pedali ya cherehani."

"Ah, shemeji! Shika zote mbili, ya mkono na ya mguu, polepole, kabla hujaingia kwenye kona. Na tusidanganyane, mwili wa miaka hamsini hauna wepesi kama wa miaka thelathini. Punguza mwendo mapema."

Kisha alibonyeza ile kofia kwa ndani. Sponji ikamomonyoka kama mkate mkavu.

"Hii warudishie vifungo nyumba yao. Nunua mpya mbili. Ya nyuma ni ya dada yangu."

Fundi alifanya mazoezi Jumapili nne. Akaenda kupimwa macho, akahuisha na leseni yake. Nyumbani hakumbembeleza mtu. Aliweka tu kofia mbili mpya mezani.

Jumatatu mkewe alizitazama akinywa chai. Goti lilikuwa limemnyima usingizi.

"Lile shimo bado lipo?"

"Lipo."

Mkewe alivuta pumzi, akavaa kofia. Fundi alimkaza mkanda kidevuni, akaukagua mara mbili.

Walipokaribia kona ya pili, mkewe alifumba macho na kulikamata shati la mumewe kwa mikono yote miwili. Akangoja kishindo. Pikipiki ilipunguza mwendo, ikainama kidogo, ikanyooka.

"Tumefika kwenye shimo?"

"Tumeshalipita, mke wangu."

Mkewe alifumbua macho, akageuka kuhakikisha. Kisha akacheka kwa sauti, kicheko ambacho Fundi alikuwa hajakisikia tangu walipokuwa wachumba.

Kwenye lango la hospitali alishuka, akamkabidhi kofia, akaingia kwa hatua nyepesi. Fundi aliangalia shati lake. Lilikuwa limekunjamana vibaya pale kiunoni. Yeye, asiyevumilia mkunjo hata mmoja, aliliacha hivyo hivyo.

"Wewe!" mkewe aliita kutoka ndani ya lango. "Saa kumi niko hapa. Usichelewe!"