Nakala ya Pili

Ghorofa ya pili ya jengo lile haikujua kunyamaza. Huku mtu anajaribu spika, kule mwingine anabishania kioo cha simu kilichopasuka, na katikati ya vibanda watu wanapita wakigongana mabega kana kwamba wote wamechelewa harusi moja. Ndimo alimopenya mwanamume mmoja mrefu, shati lake la buluu limemlowa mgongoni, laptopu kaikumbatia kifuani.

Alisimama mbele ya kibanda chenye taa nyeupe na meza iliyojaa bisibisi. Nyuma ya meza alikaa dada mwenye gauni la kijani, mikono ya gauni kaikunja hadi kwenye viwiko, miwani kaipandisha juu ya nywele.

"Samahani dada, fundi yuko wapi?"

"Katoka," dada akajibu bila kuinua uso. "Kaenda kunywa chai."

"Atarudi saa ngapi?"

"Ukishaiweka hiyo laptopu mezani, atakuwa amerudi."

Kwenye kibanda cha jirani, muuza chaja na makava ya simu ambaye jengo zima lilimwita Mama Chaja, aliangua kicheko. Mwanamume akamtazama huyu, akamtazama yule, ndipo akili ikamrudia.

"Ala! Kumbe fundi ni wewe."

"Ni mimi. Kuna ubaya?"

"Hata kidogo. Ubaya ni wangu, nilikuwa natafuta mtu mwenye ndevu."

Fundi akacheka, jambo ambalo hakuwa na desturi ya kuwafanyia wateja kabla ya saa sita mchana.

Kisa chenyewe kilikuwa hiki. Umeme ulikatika nyumbani kwake, ukarudi kwa fujo, na tangu hapo laptopu haisomi chochote. Kazi yake ilikuwa kuchora ramani za nyumba, na ramani zote zilikuwa salama ofisini. Kilichomkosesha usingizi ni kingine.

"Mle ndani yumo mwanangu," alisema. "Tangu hajazaliwa. Siku aliyotoka hospitali, siku aliyosimama mara ya kwanza. Simu niliyopigia picha iliibwa kitambo. Tuliachana na mama yake, mtoto anakaa naye. Mimi nilibaki na hizo video."

Fundi alifungua skrubu, akaitoa diski, akaiweka sikioni. Kimya. Akaigeuza na kumwonyesha doa jeusi kwenye bodi yake.

"Usilie bado. Vitu vyako viko kwenye sahani za ndani, na nadhani ni vizima. Iliyoungua ni hii bodi inayozizungusha. Nikipata diski pacha wake, toleo lilelile, namvua bodi na kumvisha huyu, na hii chipu ndogo ya kwako naihamishia kwenye bodi mpya."

"Huyo pacha anapatikana wapi?"

"Hapo ndipo penye kazi. Anaweza kuja kesho, anaweza asije kabisa."

Akamfungia diski mpya ili laptopu ifanye kazi. Ile iliyokufa akaitia kwenye mfuko wake na kuihifadhi kwenye droo. Mteja akaondoka, na Fundi akadhani ndiyo basi tena.

Lakini kesho yake simu ililia.

"Mgonjwa wangu anaendeleaje?"

"Bado kalala."

"Na daktari wake ameshakula?"

"Daktari hali na ndugu wa wagonjwa."

"Hata samaki wa kukaanga? Niko hapa chini ya ngazi, ninao mkononi, na wanapoa."

Siku zikaenda hivyo. Jioni alimsindikiza hadi kituoni, njiani akimwonyesha majengo na kumtajia makosa yake: ngazi hii mwinuko wake utamvunja mtu kiuno, dirisha lile linatazama choo cha jirani. Fundi alicheka mpaka watu wakageuka. Miaka mingi wanaume walimjia na vitu vilivyoharibika, wakaondoka na vizima, wala hakuna aliyegeuka nyuma. Huyu aligeuka. Akampenda, tena akampenda vibaya, wala hakujifanya kuficha. Alimwita Ramani, naye aliitwa Fundi wangu, na hilo neno "wangu" lilikuwa likimkaa moyoni kutwa nzima.

Kuhusu mkewe wa zamani, Ramani hakumficha kitu. Hakukuwa na hawara wala ngumi. "Tulichoka tu," alisema. "Kila neno likawa kesi. Sasa hivi namchukua mtoto mlangoni, tunasalimiana kama majirani wasiopendana."

"Na diski yako? Nikikosa pacha wake?"

"Nimeshajiandaa. Ikipatikana, sawa. Isipopatikana, nina wewe."

Ndipo akasema anataka kwenda kwao Fundi, kwa Shangazi aliyemlea, akajitambulishe akiongozana na wazee wake kama watu wanavyofanya. Shangazi alipopata habari hakulala. Kila siku alipiga simu: wageni wanakuja lini, wanapenda kula nini, huyo kijana ni mrefu kiasi gani, maana mlango wa nyumba yake ni mfupi.

Pacha alikuja wakati huo huo. Ofisi moja ilitupa laptopu zake kuukuu, na Fundi akazichukua kwa ajili ya vipuri. Alipoitoa diski ya tatu na kusoma lebo, akaisoma tena. Namba zililingana zote. Akafungua droo, akaziweka diski mbili pamoja, akazitazama kwa muda mrefu.

"Vipi?" Mama Chaja akauliza. "Umeona nyoka?"

"Nimepata bodi ya Ramani."

Mama Chaja alikuwa mtu wa maneno mengi, lakini alipotaka kusema jambo la maana alishusha sauti. "Mwenzangu, si ulisema mwenyewe ameshakata tamaa? Mwache na tamaa yake iliyokatwa. Hiyo ningekuwa mimi ningeirudisha kwenye takataka."

"Ni mtoto wake aliyemo mle."

"Na mama wa mtoto yumo wapi? Si mle mle?"

Fundi akazivuta diski zote mbili karibu yake. Alikuwa na uwezo wa kunyamaza na hakuna mtu angejua. Aliufikiria huo uwezo, asitudanganye mtu kwamba hakuufikiria. Kisha akashusha miwani, akawasha kifaa cha hewa ya moto, akaibandua ile chipu iliyo ndogo kuliko punje ya mchele, akaibana kwa kibano na kuihamisha pumzi kaizuia. Akafunga skrubu. Akaunganisha waya. Diski ikatoa mlio mwembamba, ikazunguka.

Kwanza alinakili kila kitu kabla hajafungua hata faili moja, kama ilivyo kazi, kwa sababu diski iliyofufuka inaweza kufa tena wakati wowote. Ndipo akafungua video mbili tatu kuhakikisha zinacheza.

Katika ya kwanza mtoto alipiga hatua na kuanguka. Katika ya pili alikuwepo mwanamke mwenye gauni la njano na mimba kubwa, anajaribu kuvaa viatu na hafiki miguuni, anacheka mpaka anakaa chini. Aliyeshika simu haonekani, anasikika tu akicheka naye. Fundi aliirudisha nyuma, akaisikiliza tena. Ni sauti ya Ramani, lakini kile kicheko hakukijua. Kwake hakuwahi kucheka vile. Wivu ukampanda, na palepale akauonea aibu, kwa sababu hakupenda kujiona mwanamke wa aina hiyo.

Akapiga simu. "Mgonjwa wako ameamka."

Ramani alifika akihema. Alizitazama video pale pale mezani, hedifoni masikioni, mkono mdomoni, machozi yakimshuka mbele ya wateja. Alipomaliza alimshika Fundi mikono yote miwili akaibusu na vumbi lake lote.

"Sijui nikupe nini."

"Nipe sikio," Fundi akasema, akajikaza kama mtu wa kazini. "Usiziache video tena mahali pamoja. Nakala mbili, nyumba mbili tofauti. Hiyo ndiyo kanuni, namwambia kila mteja. Umeme, wezi, moto, haviingii nyumba mbili siku moja."

"Basi ni rahisi. Moja kwangu, moja kwako."

"Kwangu?"

"Si ndiyo nyumba yangu ya pili?"

Hapo, wasomaji, angesema "haya" tu. Neno lenyewe ni jepesi hivyo. Lakini lile gauni la njano lilikuwa bado linamcheza machoni.

"Nimlaze mkeo kabatini kwangu? Asante. Sina nafasi."

"Mpenzi, ni video za mtoto."

"Nimeziona, nazijua ni za nini. Mpelekee mama yake. Mtoto ni wake pia, nusu ya zile ni zake."

"Tukionana tunagombana. Una hakika?"

"Mimi si mtoto mdogo, Ramani. Unadhani naogopa video?"

Alisema hivyo kwa kiburi, akatoa flashi mpya kwenye pakiti, akamnakilia kwa mkono wake, akamtilia mfukoni mwa shati na kumpigapiga kifua. Akajiona mkubwa. Mama Chaja, aliyesikia yote, alijitia kupanga makava.

Kuanzia hapo simu zikaanza kubadilika. Zilizokuwa za saa nzima zikawa za dakika mbili. Jumamosi moja mtoto alikuwa na homa. Jumamosi nyingine aliomba baba amsaidie hesabu.

"Kwani unaongea kwa kunong'ona una nini?" Fundi akauliza.

"Mtoto kalala."

"Kalala kwako?"

"Hapa... ndiyo, kalala. Nitakupigia, mpenzi."

Hakupiga. Ile safari ya kwa Shangazi ikasogezwa mara moja, ikasogezwa tena. Fundi akamtafutia sababu mwenyewe: kazi zimembana, mwisho wa mwaka, mvua. Mtu anayependa huwa hodari sana wa kumtetea mwenzake mbele ya nafsi yake.

Halafu asubuhi moja namba asiyoijua ikapiga simu ya kibandani.

"Naongea na dada fundi? Wewe ndiye uliyefufua ile diski ya video za mtoto?"

"Ndimi. Imepata tatizo?"

"Hapana, dada yangu, nimekupigia kukushukuru." Sauti ilikuwa nzuri, ya mtu aliyeamka na furaha. "Mimi ni mama yake, namba yako nimeitoa kwenye stika ya laptopu. Hujui ulichotufanyia. Tulikuwa hatusemezani na baba yake. Siku alipoleta flashi, mtoto akasema tuangalie wote watatu, basi tukakaa, tukacheka mpaka tukalia. Sasa karudi nyumbani. Kila mtu anatuuliza nini kimetokea, nawaambia ni fundi mmoja, hata sura yake siijui."

Fundi alishika ukingo wa meza. "Karudi lini?"

"Tangu mwezi uliopita. Mungu akubariki, dada, na wewe akupe nyumba yenye amani."

"Asante," Fundi akasema. "Amina."

Akakata. Akampigia Ramani, akamwambia neno moja: njoo.

Alikuja saa saba mchana. Siku zote mashati yake yalikuwa na mikunjo. La leo lilikuwa limenyooshwa kwa pasi, kola imesimama. Fundi aliliona hilo kabla ya kuuona uso wake, likamuuma.

"Mama mtoto wako amenipigia kunishukuru."

Ramani akafumba macho. "Nilikuwa natafuta namna ya kukuambia."

"Mwezi mzima unatafuta? Ungeniletea nikutafutie. Si ndiyo kazi yangu?"

"Sikupanga, Fundi wangu. Naapa. Nilimkatalia mtoto kukaa kuangalia, nikawa nimesimama mlangoni na viatu..."

"Usiniite hivyo."

"Wewe ndiye uliyeniambia nimpelekee."

"Nilikuambia upeleke flashi. Sikukuambia ulale huko!"

Watu wakageuka. Spika ya kibanda cha mbele ikazimwa, na kwa mara ya kwanza ghorofa ile ikanyamaza. Ramani alitaka kumshika mkono, Fundi akauondoa.

"Nijibu kitu kimoja," Fundi akasema. "Kule kwake, ulimwambia mimi ni nani?"

Akainama.

"Sema. Nataka nikusikie."

"Nilimwambia ni fundi."

"Fundi gani?"

"Fundi tu."

Aliyatafakari hayo maneno mawili. Tusi angelirudisha. Uongo angeukata. Lakini huyu mtu alikuwa amesema kweli: mpaka leo mkewe hakujua kuna mwanamke aliyeachwa.

"Nilikupenda kweli," Ramani akasema.

"Najua. Hiyo ndiyo inayonitesa. Nenda."

"Unisamehe."

"Nenda, mume wa mtu. Watu wanasubiri huduma."

Akaenda, taratibu, kola imesimama. Fundi akavaa miwani, akachukua simu ya mteja, akaifungua, akasahau alichoifungulia. Mama Chaja alikuja na maji ya kunywa, akayaweka mezani.

Ndipo simu yake ikalia. Shangazi.

"Mwanangu! Mapazia nimeshatundika, na baba yako mdogo nimemkataza kusafiri. Nambie, ni Jumamosi hii au inayofuata? Nisije nikapika chakula kikalala."

"Shangazi, hawaji."

"Hawaji Jumamosi hii?"

"Hawaji kabisa."

"Kakufanya nini huyo?"

"Amerudi kwa mkewe."

"Mke gani? Si uliniambia waliachana, hata salamu zao ni za kulazimishana? Nani kampeleka huko?"

Angeweza kumlaumu Ramani, au mtoto, au yule mwanamke mwenye sauti nzuri. Shangazi angemwamini.

"Mimi, Shangazi," akasema. "Nimempeleka mimi mwenyewe." Na hapo hapo, mchana kweupe, wateja wamejipanga mbele ya meza wakisubiri simu zao, akalia kwa sauti.