Sauti Mezani pa Mzee Mkuu

Mzee Mkuu hakupaswa kusema neno pale mezani. Fundi aliijua ile filamu nje ndani: baba huyo wa genge anaketi kula na wanawe watatu, anamtilia supu yule wa kati, ambaye asubuhi hiyohiyo ameamuru auawe kwa kutoboa siri za ukoo, na dakika nzima inapita vijiko vikigonga bakuli tu. Lakini alasiri ile, vijiko vikigonga, spika ikasema:

"Supu imepoa."

Fundi akarudisha nyuma. Ikasema tena. Akarudisha mara ya tatu.

"Fundi wangu, umekula?"

Ilikuwa sauti ya mumewe, na mumewe alikuwa na miezi miwili kaburini.

Kazi yao ilikuwa kuzitia filamu za kigeni maneno ya Kiswahili, kwenye chumba cha uani walichokiziba kwa magodoro makuukuu ili kelele za mtaa zisipenye. Mke alirekodi, mume alisema. Watu walimwita Koo, maana koo lake lilibeba ukoo mzima wa majambazi: lilikuwa baba, likawa wana watatu, likawa hata mama mtu akilia jikoni, na wateja waliapa kwamba mama yule ni mwanamke kweli. Filamu hiyo ya Mzee Mkuu ndiyo iliyowatoa, ikawapa jina na wateja. Siku alipoimaliza, Koo aliondoka kwenye kipaza sauti akijipangusa macho. "Mtu anamtilia mwanawe supu, na kaburi ameshamchimbia," alisema. Kisha, mtu wa miaka arubaini na miwili, moyo ukamsimama akiwa kwenye foleni ya dawa ya mafua.

Fundi hakumwambia mtu habari ya ile sauti. Na kusema kweli hakuogopa, alifurahi. Kila siku baada ya chakula cha mchana alijifungia, akawasha mashine, akangoja vijiko.

"Huko panabana?" aliuliza siku moja.

"Kuliko lile shati ulilonifulia kwa maji ya moto."

Akacheka mpaka akalia. Chumba kilikuwa kimeanza kunuka udongo mbichi, ule wa shimo lililofukuliwa sasa hivi, lakini akajiambia ni magodoro.

Siku aliyochelewa kutoka sokoni alikuta mlango uko wazi. Kinda, binti yao wa miaka sita, alikuwa amebana sikio kwenye spika, anatikisa kichwa taratibu kama mtu anayepewa maagizo, anaitikia, "Ndiyo baba, kesho baba," na Fundi alipotaka kumkemea aliona mashine imezimwa, waya wake umelala sakafuni mbali na ukuta, na bado ndani ya ile spika iliyokufa vijiko vilikuwa vinagonga.

"Baba anasema niende," Kinda alinong'ona. "Kuna meza kubwa, mama. Kiti changu kiko tupu."

Tangu hapo mtoto hakutia chakula kinywani. Siku ya tatu, wifi yake Fundi, dada yake Koo, alikuja kumwangalia. Kinda akafumbua macho, akaomba maji kwa sauti nzito ya mwanamume. Kikombe kikamponyoka shangazi mtu.

Akamvuta Fundi hadi ukumbini. "Wifi, tangu lini?"

"Wiki tatu."

"Na ulinyamaza?"

"Ni yeye, wifi. Ananiita Fundi wangu."

"Nimekua na sauti ile chumba kimoja," wifi alisema. "Sauti ni yake. Anayeisema siyo."

Jioni haijaingia alirudi na mganga, mama mnene mwenye magoti mabovu, aliyekaa kwenye kigoda cha Koo mle chumba cha uani, akaisikiliza spika muda mrefu.

"Jini limekuta nyumba haina mwenyewe, likahamia," alisema kwa sauti ya chini. "Nyumba yenyewe ni hiyo sauti. Ivunje, litakosa pa kukaa. Futa kila alichosema."

"Hata kanda ya harusi yetu?"

"Hata hiyo."

"Mama, sina kingine chake."

Mganga akamnyooshea kidole Kinda, aliyelala mapajani mwa shangazi yake. "Una huyu."

Fundi akaanza kufuta. Akafuta filamu za mapenzi, akafuta harusi, na kila kimoja kilipokwenda ile harufu ya udongo ilizidi, magodoro yakawa yanavuta pumzi ukutani, na spika ikaanza kumsihi, kwanza kama baba wa genge, kisha kama wana watatu kwa pamoja, kisha kama mama yule akilia jikoni, mpaka ilipobaki filamu moja tu na sauti moja, ile ya kitandani, ya asubuhi, ambayo hakuna mteja aliyewahi kuisikia.

"Fundi wangu. Unanizika mara ya pili?"

Fundi akaondoa kidole kwenye kitufe. "Kama ni wewe," alisema, "mwambie Kinda abaki."

Vijiko vikagonga. Vikagonga tena.

"Kiti chake kiko tupu," sauti ikasema.

Akabonyeza.

Kinda alilala mpaka kesho yake mchana, akaamka akililia chakula kwa kisauti chake mwenyewe.

Baada ya mwezi Fundi akakumbuka kwamba muuza nyama wa mtaa wa pili alinunua zamani nakala ya filamu ya Mzee Mkuu. Akaenda mbio mbio, khanga ikimvuka. Muuza nyama akaitoa kabatini, akaiweka kwenye televisheni ya dukani. Mvua ikanyesha, magari yakafunga breki, bastola zikalia. Kisha Mzee Mkuu akafumbua kinywa, na hakikutoka kitu. Wanawe wakafumbua vinywa. Mama mtu akalia jikoni, kimya.

Muuza nyama akaipiga televisheni kofi. "Itakuwa spika, shemeji."

"Iache," Fundi alisema.

Akakaa juu ya kreti, akaitazama hadi mwisho. Alijua kila neno la kila mmoja wao, na midomo ilipochezacheza aliyasema kimoyomoyo, akijaribu kumsikia Koo. Maneno yalikuja yote, hakuna lililopotea, lakini yalikuja kwa sauti yake yeye mwenyewe.